Damu ya Upande wa Nani

Siku Hhando alipomvunja mkono mama mkwe wake, alianza kwa kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibuni. Mbona mmekuja wengi hivi, kuna msiba?"

Mama Juliana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, anapeta maharage. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama juu ya kijiji cha Daudi kama lililotumwa kushuhudia. Nyuma ya Hhando walisimama wanaume watano, na mbele ya hao watano alisimama Emanuel, kaka yake Hhando, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza maziko. Wote walikuwa na fimbo. Hilo halikumshtua mama, kwa kuwa mwanaume wa huku hatembei mikono mitupu. Kilichomshtua ni kwamba hakuna aliyeitikia karibu yake.

Ng'ambo ya bonde, binti yake Fransiska alikuwa anateremka mbio, mtoto wake Abel wa miezi mitano akirukaruka mgongoni. "Mama, ingia ndani! Jifungie!" Lakini upepo uliyachukua maneno yake ukayapeleka Dongobesh.

"Wewe ndiye mwenye mtoto," Emanuel alimwambia mdogo wake. "Anza."

Hhando akaanza.

 

Balaa lenyewe lilikuwa limeingia nyumbani asubuhi ile, kwa simu.

Walikuwa wamekaa uani, Fransiska na mumewe Hhando, wanafunga vitunguu saumu mafungu mafungu. Angela, binti yao wa miaka mitatu, alikuwa anacheza na majani makavu huku bandeji ikimfunika jicho la kushoto. Chini ya bandeji hapakuwa na jicho. Lilibaki Moshi, kwenye hospitali kubwa, wiki tano zilizopita, pamoja na uvimbe uliokuwa umeota ndani yake. Mama Agatha, mama mzazi wa Hhando, alikuwa anakamua ng'ombe. Emanuel alikuwa amekuja kuazima pampu ya kupulizia dawa, na kama kawaida yake alikuwa amekaa kwanza, achokoze.

"Hiyo bandeji mtaitoa lini? Au ndiyo kitambulisho cha taifa?"

"Akipona, shemeji," alisema Fransiska.

Simu yake ilikuwa imekufa kipaza cha sikioni, ukipokea ni lazima uweke sauti ya nje, kijiji kizima kisikie. Ilipoita akaona jina la Dokta Samira, daktari wa macho, akaipokea kwa kidole chenye udongo.

"Mama Angela, hujambo? Majibu ya vile vipimo yamerudi. Uko peke yako?"

Fransiska aliwatazama watu waliomzunguka. Angesema nini? "Niko na familia, dokta."

"Basi nitasema kidogo tu. Ule uvimbe tulioutoa tuliupima, tukapima na damu ya mtoto na yenu wazazi. Kuna jeni imeharibika, na ni ya kurithi. Sasa nisikilize vizuri. Namtaka Abel hapa, Ijumaa hii isipite. Tumlaze kwa dawa, tumwangalie macho yote mawili mpaka ndani. Tukiuwahi ukiwa mdogo kama punje ya mtama, tunauchoma kwa miale, jicho linabaki. Tukichelewa ni yale ya dada yake. Uvimbe huu hauna subira, mama."

Emanuel aliinama juu ya simu kama anayenusa chakula. "Dokta, huo ugonjwa umetoka kwa nani? Upande upi?"

"Nani huyo?"

"Baba mkubwa wa mtoto."

"Baba mkubwa, hayo nitazungumza na wazazi wake ana kwa ana. Siyo mambo ya kwenye simu. Mama Angela, Ijumaa isipite. Umenielewa?"

"Nimekuelewa dokta."

Simu ilipozima, sauti pekee uani ilikuwa ya maziwa kugonga ndoo. Kisha nayo ikakoma. Mama Agatha aliinuka, akaiacha ndoo nusu na ng'ombe hajamalizika, akaingia ndani. Fransiska aliliona hilo. Alidhani ni uchungu wa bibi.

"Umesikia?" Emanuel alimgeukia mdogo wake. "Ameuliza kwanza kama yuko peke yake. Kwa nini? Ingekuwa ya upande wetu angesema tu, tungemfanya nini? Anamfichia mwanamke mwenzake."

"Amesema ni jeni, shemeji," alisema Fransiska. "Kitu kiko ndani ya damu. Hakuna aliyekiweka."

"Kiko ndani ya damu! Haya, na damu imetoka wapi? Ndama akizaliwa kilema, unachinja dume au unaondoa jike? Dume limepanda zizi zima, ndama wengine wazima. Tunamjua jike." Akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya bonde. "Mama yako kazika mume. Kazika watoto wawili. Macho yake mekundu mwaka hadi mwaka."

"Ni moshi wa kuni!"

"Siku ya ubatizo wa Angela alisimama mbele ya watu akasema, mtoto huyu ana macho mazuri. Alisema, hakusema? Akasifu, na wala hakumtemea mate ya baraka. Hhando, ulikuwepo."

Hhando alikuwa amekaa na fungu la vitunguu mkononi, amegeuza uso upande kama alivyozoea, ili jicho lake zima lione watu wote. La kulia lilikuwa halipo. Fahali alilitoboa kwa pembe Hhando akiwa hajafika miaka miwili, na Daudi nzima ilikijua kisa hicho. Marehemu baba yake alikuwa akikisimulia penye pombe kwa majivuno: mwanangu alipambana na fahali akiwa bado ananyonya.

"Mimi jicho langu lilitolewa na mnyama," alisema taratibu, kama anayehesabu. "La mwanangu limetolewa na nini?"

"Baba Angela, twende Moshi wote wawili, dokta atatueleza..."

Kofi la Hhando lilimkuta sikioni. Abel mgongoni akaanza kulia kabla ya mama yake. Kwa muda Fransiska alisikia mlio mmoja mwembamba tu kichwani, na kupitia mlio huo aliona viatu vya mumewe vikitoka langoni, na vya Emanuel vikitangulia.

Mchana, aliposikia wamekusanya wenzao na wanaelekea kwa mama yake, alimwacha Angela kwa jirani, akawafuata. Njiani, penye bomba la maji, wanawake walimwona anakuja, na kila mmoja akasogeza ndoo yake kando. Habari ilikuwa imeshamtangulia.

 

Pigo la kwanza Mama Juliana alilikinga kwa ungo. La pili alilikinga kwa mkono, na mkono ukalia kama kijiti kikavu. Maharage yakatawanyika uani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mkwe?" kama mtu anayeuliza njia.

Wengine wakaingia. Mmoja alivunja chungu cha maji, mmoja akapiga teke mlango mpaka bawaba ikang'oka, na wakaanza kutoa vitu nje: godoro, sufuria, picha ya Bikira Maria, blanketi. Kila kitu walikikanyaga kwanza kabla ya kukitupa, kama watu wanaoua wadudu. Emanuel alikuwa anauliza swali lile lile kwa sauti ile ile, na kila akiuliza, teke linafuata.

"Ulimfanya nini mtoto? Sema. Ulimfanya nini mtoto?"

Fransiska alifika akiwa hana pumzi. Alijitupa juu ya mama yake kifudifudi, na kwa kufanya hivyo akamweka Abel juu kabisa, mgongoni, hewani, chini ya fimbo ya baba yake.

Fimbo ikabaki juu. Hhando alimtazama mwanawe, na mwanawe, kwa ujinga wa miezi mitano, akamcheka.

Emanuel yeye hakuwa na sababu ya kusimama. Teke lake lilimpata Fransiska kwenye mbavu, na la pili lingefuata kama firimbi ya Mwenyekiti Gidamis isingelia juu ya mteremko. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anakuja na mgambo wawili. Wanaume wakatawanyika kwenye mahindi kama panya, wengine wakarudi upande wa pili wakiwa watazamaji.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Gidamis, akiwa anaona vizuri kabisa kuna nini.

"Ameteleza," alisema mmoja. "Bibi ameteleza."

Na ndivyo ilivyoandikwa. Hospitali ya Mbulu mjini, muuguzi alimtazama Mama Juliana, mkono ulioning'inia na alama ya soli ya kiatu shavuni, akasema, "Mama, kama umepigwa ni lazima nione fomu ya polisi, PF3, kwanza. Kama umeanguka, nakuhudumia sasa hivi. Umepigwa au umeanguka?"

Mama Juliana alimtazama binti yake, akamtazama mjukuu.

"Nimeanguka," alisema.

Walipomaliza kumfunga plasta, alimwita Fransiska karibu. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yanatoka upande mmoja. "Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na dokta alisema Ijumaa. Umekaa hapa unangoja nini?"

"Nikuache hivi, mama?"

"Mkono unaunga, mwanangu. Macho ya mtoto hayaoti mara ya pili. Nenda."

 

Asubuhi yake alirudi nyumbani kuchukua kadi ya kliniki ya Abel na kumchukua Angela. Alitumaini watu wako shambani. Alimkuta Hhando amekaa mlangoni, na Emanuel ameegemea uzio anatafuna bua.

"Naomba nipite, Baba Angela."

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Huendi." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka, na ndiyo maana ilimtisha zaidi. "Nilitia sahihi kwa mkono wangu, Fransiska. Wakaniambia weka sahihi hapa, nikaweka. Angela alikwenda na macho mawili akarudi na moja. Huyu unampeleka wakamtoe yote? Nitakuwa baba wa vipofu. Nitawaongoza kwa kamba?"

"Tusingempeleka, angerudi kwenye jeneza. Na huyu wanaweza kumtibu bila kumtoa jicho. Dokta amesema. Wewe mwenyewe ulisikia."

"Mwanamke aende," alisema Emanuel. "Hata asirudi. Mtoto abaki. Mtoto ni wa nyumba hii."

Akaja kumfungua khanga aliyombebea mtoto. Fransiska alimuuma mkono. Emanuel akamshika nywele, akamvuta hadi akapiga magoti, na Hhando, ambaye mpaka pale alikuwa amekaa, aliinuka akamchukua Abel. Fransiska hakumwachia. Walimshika mtoto kila mmoja upande wake, mama miguu, baba kwapa, na mtoto akawa analia kwa sauti ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuisikia kwake. Katika kuvutana huko uso wake uligeuka juu, jua likamwingia.

"Mwacheni."

Mama Agatha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anatazama uso wa Abel, hatazami kingine. Ndani ya mboni ya kulia ya mtoto kulikuwa na weupe, mng'ao mdogo, kama wa jicho la paka gizani. Ulionekana, ukapotea, ukaonekana tena.

"Mwacheni aende. Leo hii. Hhando, mwachie mama yake mtoto."

"Mama, rudi ndani," alisema Emanuel.

"Nimekaa ndani miaka thelathini na moja!" Bibi alipiga kelele, na kelele hiyo ikamshtua yeye mwenyewe. Akashika mwimo wa mlango. "Hakukuwa na fahali. Hhando, baba yangu, hakukuwa na fahali yeyote. Ulikuwa na kitu hicho hicho. Jicho hilo hilo, weupe huo huo. Nilikubeba usiku na mchana mpaka kwa masista wa hospitali, nikawaambia litoeni. Wakalitoa. Ndiyo maana uko hai."

Angela, aliyekuwa ameletwa na jirani mpaka langoni, alisimama na kidole mdomoni.

"Kwa nini ukasema fahali?" aliuliza Hhando.

"Kwa sababu kabla yenu nyote nilizaa binti. Emanuel, wewe ulikuwa hujazaliwa. Jicho lake lilivimba mpaka likatoka nje, tukamzika. Baba yenu na ndugu zake wakasema ni yule bibi wa mtoni, aliyekuwa anakaa peke yake. Walikwenda. Walikwenda na fimbo, kama ninyi jana. Nyumba yake wakaitia moto. Alipita hapo kwenye njia akiwa hana viatu, nywele zinanuka kuungua, na hakuna aliyemwona tena. Halafu ukaja wewe, Hhando, ukawa na weupe ule ule. Na yule bibi hayupo! Ningemwambia nani? Ningesema ugonjwa umerudi, wangesema basi uchafu uko kwetu. Enzi zile nyumba ikisemwa hivyo inatengwa. Huombi moto, huchoti maji penye watu, ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako, mwaka na zaidi. Na baba yenu angejua alichomfanyia yule mama alimfanyia bure. Kwa hiyo nikasema fahali. Yeye akalipenda neno hilo kuliko hata mimi."

"Na jana?" alisema Fransiska akiwa bado magotini. "Jana ulijua?"

Mama Agatha hakuinua macho. "Nilijua tangu dokta aliposema kurithi."

"Ulikaa ndani ukajua."

"Nilikaa ndani."

Emanuel alimpiga mama yake kwa ngumi. Kikongwe alianguka kwenye vitunguu, mdomo umepasuka, na meno mawili aliyokuwa amebakiza mbele yakawa moja. Ni hapo Hhando alipomwachia mtoto. Alimrukia kaka yake kama mtu aliyefunguliwa minyororo, wakaanguka wote wawili juu ya mafungu ya saumu, wakaumana, wakapigana vichwa, wakavunja uzio kwa miili yao. Hhando alikuwa analia huku anapiga. "Ulinipa fimbo! Uliniambia anza!" Na Emanuel naye anapiga, na hakuna aliyekuwa na akili ya kutazama lango.

Mama Agatha alitambaa mpaka ndani, akatoka na kadi ya kliniki, ina damu yake pembeni. Akaisukuma mkononi mwa Fransiska.

"Halfani anapakia saumu za Arusha kwenye lori lake leo. Mwambie nimesema akukalishe mbele. Nenda, mama. Usinishukuru."

Fransiska hakumshukuru. Alimfunga Abel, akamshika Angela mkono, akaondoka huku nyuma yake wanaume wawili wa mama mmoja wakiendelea kuuana.

 

Siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi, Dokta Samira alitoka chumba cha uchunguzi akivua glavu. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Jicho la kulia lina uvimbe sehemu mbili. La kushoto ni sehemu moja, ndogo sana. Zote zinachomeka. Nimeanza leo. Atarudi kila baada ya wiki tatu, nne, na tutamfuata mpaka awe mkubwa. Siwezi kukuapia, mama, lakini naamini atabaki na macho yote mawili. Ungekuja mwezi ujao nisingesema hivi."

Fransiska alikaa chini pale pale kwenye korido, sakafuni. Watu walimpisha.

Hhando alifika jioni ya siku hiyo, mdomo umeshonwa nyuzi nne, jicho lake moja limevimba nusu. Muuguzi alidhani ni mgonjwa wa ajali akamwelekeza mapokezi. Dokta Samira alimtazama tundu la jicho la kulia kwa muda mrefu, kisha akawafungia mlango.

"Baba Angela, wewe unatoka Mbulu, unaujua mteremko wa Magara. Lori linateremka lina breki mbili. Kila chembe ya mwili nayo ina breki mbili za kuizuia isizaliane ovyo. Moja anakupa baba, moja mama. Ikikatika moja, ya pili inashika. Zikikatika zote, ndiyo uvimbe. Kwenye uvimbe wa Angela tumekuta mikatiko miwili. Mmoja ulitokea baadaye, ndani ya jicho lake, hakuna aliyeuleta. Mwingine alizaliwa nao. Huo tuliutafuta kwenye damu ya mama yake. Haupo."

"Upo kwangu," alisema Hhando.

"Upo kwako. Na siyo kosa lako. Hukuuchagua, na aliyekupa hakuuchagua."

Hhando aliinuka. Fransiska alijikunja kwa mazoea, mkono ukaenda sikioni. Lakini mumewe alikwenda ukutani, akaupiga ukuta kwa ngumi mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye rangi. Dokta hakumzuia. Alipomaliza alimpa pamba.

"Una ndugu?" alimuuliza.

"Kaka mmoja."

"Ana watoto wadogo?"

Mume na mke walitazamana.

"Yeye ana macho yake mazima," alisema Hhando.

"Anaweza kuwa nayo mazima na bado akawa amewapa watoto. Inatokea. Mama Angela amenieleza kwamba dada yenu alikufa na ugonjwa huu, kwa hiyo haukuanzia kwako, ulitoka kwa mmoja wa wazazi wenu. Waambieni. Watoto chini ya miaka mitano waje hata kesho."

 

Hhando hakuweza kwenda. Emanuel alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba mdogo wake akikanyaga uani kwake atampasua kichwa, na wote walijua si maneno matupu. Ng'ambo ya bonde nako Hhando alikuwa hana uso. Alishakwenda mara mbili na bati na misumari kutengeneza mlango. Mama Juliana aliupokea mlango. Hhando mwenyewe aliambiwa akae nje ya uzio mpaka mkono wa mama utakapotoka plasta, ndipo mama atajua kama anataka kumwona.

Kwa hiyo Fransiska alikwenda mwenyewe, Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, Abel mgongoni. Njia nzima alikuwa anajiuliza kwa nini. Mbavu zilikuwa bado zinamchoma akivuta pumzi. Angenyamaza, nani angemlaumu? Kila alipofika hapo alimkumbuka Eva, mtoto wa Emanuel wa mwaka mmoja na nusu, anavyokimbia kama bata, na miguu ikaendelea yenyewe.

Emanuel alikuwa anapalilia migomba nyuma ya nyumba. Alimwona, akasimama na jembe.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kwa ajili ya Eva, shemeji. Dokta amesema apimwe macho. Ugonjwa ulitoka kwa wazazi wenu. Unaweza kuwa unao bila kuumwa, na umempa mtoto."

"Toka."

"Wanamlaza kwa dawa, hasikii maumivu. Abel ameshachomwa mara moja, anaona..."

Hakumpiga kwa jembe. Labda alikumbuka firimbi ya Gidamis. Alimpiga kwa kiganja, kwa nguvu zote za mtu anayelima, na Fransiska akaanguka ubavu, akapinda mwili angani ili Abel asiguse ardhi. Damu ilimjaa mdomoni. Akaitema. Aliendelea kusema akiwa pale pale chini, kwa sababu alijua akinyamaza hatapata ujasiri wa kuanza tena.

"Mpige picha na simu yenye mwanga. Tazama mboni. Moja ikiwa nyekundu na nyingine nyeupe, usilale..."

"Katika nyumba yangu hakuna mtoto mgonjwa!" Emanuel aliinua mguu. "Damu yangu mimi ni safi! Hakuna mtoto mgonjwa hapa!"

"Yupo."

Rogathe, mke wa Emanuel, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na Eva kiunoni. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini, ambaye Daudi nzima ilimjua kwa kutosema kitu.

"Umesema nini?"

"Nimeuona huo weupe tangu Pasaka. Jicho la kushoto. Nikimgeuza dirishani unaonekana, nikimgeuza huku unapotea." Maneno yalikuja moja moja, yamenyooka. "Nimemfunika kofia miezi minne ili usione."

"Miezi minne! Mtoto wangu! Ulinyamaza kwa nini?"

"Kwa sababu nina mama, Emanuel. Anakaa Dongobesh, peke yake, na macho yake mekundu."

Mguu wa Emanuel ulirudi chini taratibu. Jembe lilikuwa bado mkononi, akalitazama kama kitu alichopewa ashike na mtu aliyeondoka.

Rogathe alimpita. Alimwinua Fransiska kwa mkono mmoja, akamfuta damu kidevuni kwa ncha ya khanga yake, kisha akageuka amfunge Eva mgongoni, akakaza fundo mara mbili.

"Gari la Halfani linaondoka saa ngapi?" aliuliza.